Kibati Namba 214

Jumatatu, 2 Septemba 1974
Nyuzi 19 uani, jua. Nimefika shambani kwa Beynon saa tano kasoro robo asubuhi, na begi moja, taipureta na kitabu hiki. Gazeti limenipa ruhusa hadi Krismasi. Denzil Pask anataka mtu wa kuandika maneno ya ndani ya jalada la albamu yao mpya, na hataki mwandishi kutoka London. Kitabu hiki ni cha tarehe na saa tu. Miaka thelathini na moja ya kuandika habari za bonde letu imenifunza kwamba kumbukumbu ni shahidi anayependa kupendeza watu.

Bendi wameiita Chumba cha Taa. Ni watu watatu: Denzil anaimba na kupiga gitaa, na nyimbo zote ni zake, Wat Treharne anapiga besi, Gethin Probert anapiga dramu. Gethin ni mwana wa dada yangu Olwen. Wote watatu wamekulia mtaa mmoja, na kila mmoja aliteremka shimo la makaa alipotimiza miaka kumi na sita. Gethin alikaa chini miaka saba, akishika mashine ya kutoboa mwamba. Denzil ndiye aliyemtoa.

Albamu mbili za kwanza watu hawakuzijali. Kampuni imewaambia wazi kwamba hii ya tatu isipovuma hakutakuwa na ya nne.

Jumanne, 3 Septemba
Nyuzi 20. Studio ni ghala la mawe lililokuwa la nyasi za ng'ombe. Kuna jiko la mafuta ya taa kwa ajili ya joto, lakini linatoa sauti ya kulialia, kwa hiyo huzimwa wakati wa kurekodi.

Wana ada yao moja, na nitaiandika kamili kwa sababu itaingia jaladani. Shimoni kila mchimbaji ana kibati cha shaba chenye namba yake. Kinachoning'inia upande wa waliomo chini kinasema mwenyewe yuko chini. Kikiwa upande wa nje, mtu amepanda salama. Hawa watatu wamepiga mbao mbili zenye kulabu, moja jikoni kwa Mama Beynon na nyingine mlangoni mwa ghala. Anayeingia kupiga huchukua kibati chake jikoni na kukitundika ghalani. Akitoka hukirudisha. Wat aliniambia hawajawahi kurekodi hata noti moja kulabu ikiwa tupu, na hakuwa anatania. Cha Gethin ni namba 214. Kilikuwa cha baba yake.

Nakijua kibati hicho. Machi 1956, siku paa la shimo liliposhuka, nilisimama na kalamu kwenye chumba cha taa, ambako vibati hutundikwa, nikihesabu vilivyobaki upande wa chini. Vilikuwa nane. Kisha nilitembea hadi nyumbani kwa Olwen, maana sikutaka amsikie mtu mwingine akimwambia.

Alhamisi, 5 Septemba
Nyuzi 21. Leo wamerekodi wimbo wa kwanza, "Njia ya Hewa", kwa mara moja tu, dakika sita na sekunde arobaini. Sielewi muziki kwa undani, lakini najua mtu anapofanya kazi yake bila kuiwazia. Gethin alihesabu kwa kugonga fimbo mara nne, akaingia, na tangu hapo wenzake wawili walikuwa kama watu wanaotembea juu ya sakafu iliyojengwa imara. Denzil aliimba ubeti wa mwisho amefumba macho.

Taa nyekundu, ile ya kuonyesha kwamba wanarekodi, ilizimika. Wote walipanda kwenye chumba cha mitambo kusikiliza. Fundi mitambo ni Hesketh, Mwingereza mpole anayekula mkate huku akifanya kazi. Alirudia wimbo mara mbili, kisha akasema, "Hiki msikiguse tena."

Nilimuuliza kuhusu tepu. Ina njia kumi na sita, kila chombo na njia yake. Ukirekodi juu ya njia iliyokwisha kutumika, kilichokuwepo kinafutika na hakirudi. Nimeandika hivyo hivyo.

Uani Gethin alinishika bega. "Mjomba, andika kwamba leo sijaisikia mikono yangu kabisa. Mwambie na Mama."

Jumatatu, 9 Septemba
Mvua nyepesi. Hakuna kilichorekodiwa. Wat ameumwa na bata bukini wa Mama Beynon.

Jumatano, 18 Septemba
Nyuzi 13, upepo wa mlimani. Wamejaribu wimbo wa pili siku nne. Denzil anasimamisha kila mara na kusema ni gitaa lake. Si gitaa lake. Besi inafika mahali, dramu inafika baada yake kidogo, kama mtu anayechechemea kwenye ngazi.

Mchana nilimkuta Gethin jikoni, mikono yake ndani ya beseni la maji ya moto. Vidole vitatu vya kushoto na viwili vya kulia vilikuwa vyeupe kama mshumaa hadi kwenye kifundo. Kila mchimbaji aliyeshika ile mashine muda mrefu anaijua hali hiyo. Baridi inapoingia damu hukataa kufika, na vidole hupoteza hisia. Mama Beynon alikuwa anaongeza maji kutoka kwenye birika bila kuulizwa.

"Itapita," Gethin aliniambia. "Huwa inapita."

Nilimuuliza hupita lini.

"Mwezi wa tano," akasema, na akacheka.

Jumanne, 1 Oktoba
Nyuzi 8 saa tatu asubuhi. Wamepiga wimbo uleule mara ishirini na sita. Mara ya ishirini na saba fimbo ya kushoto ilimtoka Gethin mkononi ikaruka hadi miguuni kwa Wat. Si kwamba aliitupa. Hakujua kwamba haikuwa mkononi; aliendelea kupiga kwa mkono mtupu, mapigo matatu niliyoyahesabu, kabla ya kuangalia.

Wat aliiokota na kumpelekea. "We Probert, kama unataka kuniua tumia fimbo kubwa zaidi," akasema. Gethin akacheka. Denzil alikuwa ametazama ukutani.

Ijumaa, 4 Oktoba
Mvua tangu alfajiri. Denzil aliniomba nitembee naye hadi mtoni. Tulitembea dakika arobaini, na kwa dakika thelathini alinieleza kuhusu samaki. Kisha akasema kuna mpiga dramu wa London, Colin Tranter, ambaye atakuja Jumapili.

Gethin huondoka kila Jumamosi jioni kwa basi, kwenda kanisani na mama yake, na hurudi Jumatatu asubuhi. Hajawahi kukosa. Kwa hiyo Jumapili ghala linakuwa tupu. Tranter atapiga nyimbo zote Jumapili. Siku za kazi Gethin ataendelea kupiga, taa nyekundu itawashwa, ila mashine ya tepu haitazungushwa. Hesketh amekubali. Wat amekubali, kwa sharti ambalo Denzil hakulitaja.

Nilimuuliza kwa nini asimwambie tu.

"Nimwambie vipi, Bwana Idris? Mimi ndiye niliyekwenda kwao kumwomba Mama Olwen amruhusu aache kazi. Nilikaa kwenye kiti cha marehemu baba yake. Nilisema nitamtunza."

Nilimwambia hilo halikuwa jibu.

"Nitamwambia kazi ikiisha. Akishaisikia, akaona ilivyo nzuri, ataelewa. Nakuomba usiseme."

Nilimjibu kwamba kazi yangu ni kuandika, si kuingilia. Nimekuwa nikisema hivyo tangu mwaka 1943, na sikuwahi kuona tatizo lake.

Jumapili, 6 Oktoba
Nyuzi 7. Tranter alifika saa nne. Ni mtu wa miaka arobaini, amevaa sweta aliyofumiwa na mkewe, ana adabu. Kwa saa tano walimaliza nyimbo mbili. Ni hodari, hakosei. Kabla ya kuanza aliniuliza mwenye dramu ni nani na kama anajua. Nilimwambia amwulize Denzil.

Sharti la Wat sasa nimelijua. Hakukubali kupiga kulabu ya tatu ikiwa tupu. Alikwenda jikoni, akachukua namba 214 na kumpa Tranter aitundike. Jioni aliirudisha jikoni mwenyewe. Mama Beynon aliona. Hakutuandalia chai.

Jumatatu, 7 Oktoba
Nyuzi 6. Gethin amerudi na keki ya mama yake. Denzil ametangaza kwamba hawatasikiliza kilichorekodiwa hadi albamu yote iishe, eti ni bahati mbaya. Gethin alishangaa kidogo, akakubali. Alipiga kwa muda wa saa tatu, taa nyekundu ikiwaka. Nilipanda kwenye chumba cha mitambo. Magurudumu ya tepu yalikuwa yamesimama, na Hesketh alikuwa anatazama viatu vyake.

Jumapili, 13 Oktoba
Mvua. Tranter. Wimbo mmoja na nusu.

Jumatano, 16 Oktoba
Nyuzi 5. Gethin amezikata glovu zake za sufu kwenye ncha za vidole. Hupasha fimbo kwenye oveni ya Mama Beynon na kukimbia nazo ghalani ndani ya taulo. Anafanya mazoezi saa moja kabla ya wenzake kuamka. Leo wimbo ulipokwisha aliuliza, "Hiyo je?" Denzil akasema nzuri. Ilikuwa nzuri kweli, nadhani. Ilikuwa bora kuliko zote tangu Septemba. Haipo popote.

Nilikuwa nikimwona Denzil mkatili. Leo nimemwona nyuma ya banda la kuku, ameinama mikono magotini kama mtu aliyekimbia mbali. Sasa naona ni mwoga, na sijui kama hilo ni afadhali.

Jumapili, 20 Oktoba
Nyuzi 4. Tranter, nyimbo mbili. Chakula cha mchana kilikuwa viazi tu. Mama Beynon amesema hapiki nyama kwa ajili ya jambo hili.

Jumatano, 23 Oktoba
Barua ya Olwen. Anasema Jumapili baada ya ibada Gethin alimsimulia mchungaji kuhusu albamu kwa nusu saa. Anauliza kama mikono yake inapona, kwa sababu kanisani hushindwa kufungua kitabu cha nyimbo na husingizia macho. Nimemjibu kwamba anafanya kazi kwa bidii. Ni kweli.

Jumapili, 27 Oktoba
Mvua. Nyuzi 4. Wamerudia "Njia ya Hewa" pia.

Alhamisi, 31 Oktoba
Barafu kwenye ndoo. Gethin ameniambia kwamba hata kama hizi nyingine hazikumridhisha mwenyewe, ya Septemba ipo. "Ile hata nikizeeka naijua ipo, Mjomba. Nikiwa nauza magazeti stendi, mtu akipita akiipiga mluzi, nitajua ni mimi."

Nilisema ndiyo.

Jumapili, 3 Novemba
Nyuzi 2. Tranter amemaliza. Amewapa wote mkono, akaondoka haraka kwa sababu ya ukungu. Wat alikuwa na homa na alilala mapema.

Jumatatu, 4 Novemba
Nyuzi 1 chini ya sifuri saa mbili asubuhi. Nitaandika kwa mpangilio.

Gethin alishuka kwenye basi saa mbili na dakika ishirini. Aliingia jikoni, akamsalimu Mama Beynon, akanyoosha mkono kwenye ubao kuchukua kibati chake. Kulabu ilikuwa tupu. Nilikuwa mezani na uji. Alitazama sakafuni kwanza, kisha mifukoni mwake. Alimwuliza Mama Beynon kama alikisogeza alipofuta vumbi. Mama Beynon alisema hapana, akageuka kwenye sinki na kukaa amegeuka.

Gethin alivuka uani. Nilimfuata. Mlangoni mwa ghala namba 214 ilikuwa inaning'inia peke yake. Vya Denzil na Wat vilikuwa jikoni, mahali pake. Tranter hakujua kwamba kinarudishwa, na Wat, ambaye ndiye aliyekuwa akikirudisha, alikuwa kitandani.

Alisimama mbele yake kwa muda ambao sikuupima. Mtu mwingine angefikiri ni mzaha au usahaulifu. Yeye ni mtoto wa mtu aliyekufa shimoni. Kibati hakijisogezi.

"Jumamosi nilikitundika jikoni," alisema. "Nilikitundika mwenyewe. Nani alikuwa humu na namba yangu?"

Alikuwa ameanza kupanda ngazi za chumba cha mitambo. Hesketh alikuwa ndani, na Denzil. Ukutani kulikuwa na maboksi ya tepu yamepangwa, kila moja na tarehe iliyoandikwa kwa mkono wa Hesketh, ule mwandiko mzuri. Gethin aliyasoma mgongoni moja baada ya jingine. Tarehe sita, tarehe kumi na tatu, tarehe ishirini. Anaijua kalenda yake ya kanisa; zote zilikuwa Jumapili.

Denzil alianza kusema. Gethin aliinua mkono wenye glovu bila kumwangalia, akanigeukia mimi.

"Wewe huandika kila kitu, Mjomba. Kilete kitabu chako."

Nilikwenda kukileta. Ningeweza kusema kimepotea. Nilikileta.

"Nisomee. Jumapili tu."

Nilisoma. Nilisoma tarehe 6 Oktoba yote, pamoja na Wat na kibati na chai. Nilisoma ya 13. Nilisoma ya 20, pamoja na viazi. Alikuwa amesimama ameegemea mlango, anatikisa kichwa kidogo kwa kila sentensi, kama mtu anayehakikisha orodha ya vitu alivyovijua tayari. Nadhani alikuwa ameanza kuvijua zamani. Nadhani alishaona vya kutosha kupitia dirisha la chumba hiki, magurudumu yaliyosimama, akachagua kutoyaona. Hilo ni wazo langu, yeye hakulisema.

Nilipofika ya 27 nilinyamaza.

"Endelea," akasema.

"Gethin."

"Soma ulivyoandika."

Nikasoma: Mvua. Nyuzi 4. Wamerudia "Njia ya Hewa" pia.

Hakutikisa kichwa. Alimwangalia Hesketh, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama wamerudia kwenye tepu nyingine. Hesketh alisema hapana. Denzil alitaka kubaki na sauti yake na gitaa la siku ile, kwa kuwa hawezi kuimba vile mara ya pili. Kwa hiyo Tranter alipiga juu ya njia za dramu.

"Juu yangu," Gethin akasema.

"Ndiyo," Hesketh akajibu. "Samahani."

Gethin aliketi kwenye ngazi. Alivua glovu moja, akautazama mkono, akaivaa tena. Denzil alikuwa anasema mambo mengi: kwamba dramu lazima zisikike za mtu mmoja albamu nzima, kwamba kampuni ingeichana vipande, kwamba alitaka kumwambia kila siku. Mengi yalikuwa ya kweli. Wat alikuwa amefika chini ya ngazi, amejifunika blanketi, anatetemeka kwa homa.

"Nilimtoa shimoni mimi," Denzil alisema, na sijui alikuwa anamwambia nani.

"Ulimtoa," Wat akajibu kutoka chini. "Halafu tukatundika namba yake, tukampa mtu mwingine ashuke chini kwa jina lake. Wewe na mimi. Baba yangu angenivunja mguu."



Nilimwambia Gethin kwamba nilijua tangu tarehe 4 Oktoba. Kwamba nilijua alikwisha kulisikia kwenye zile Jumapili nilizosoma, lakini niliona nilipaswa kulisema kwa mdomo.

"Sentensi tatu," alisema. "Baba alipokufa uliandika ukurasa mzima, Mama ameuhifadhi. Mimi umenipa sentensi tatu, na moja ni ya mvua."

Baada ya hapo alikwenda kumsaidia Mama Beynon kubeba kuni, kwa sababu ni Jumatatu, na Jumatatu humsaidia kubeba kuni.

Jumanne, 5 Novemba
Nyuzi 0. Ukungu.

Denzil alimwita Gethin jikoni mbele yetu sote. Alisema amezungumza na kampuni kwa simu, na Tranter pia. Jaladani patasomeka: dramu, Gethin Probert. Tranter amekubali bila neno. Nyimbo zote tisa. Hakuna atakayejua. Denzil alilia akisema hayo, na naamini alifikiri anatoa kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Gethin alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa na mikono ndani ya beseni.

"Denzil, siku ile ya kina baba, unakumbuka nani alikuwa wa nane?"

Denzil alikumbuka. Sote tunamkumbuka. Mtu mmoja alikuwa amepanda mapema kwa kuumwa na jino na akasahau kuhamisha kibati. Waokoaji walitafuta watu wanane. Walipata saba, wakarudi kumtafuta wa nane, na paa likashuka tena. Wawili wao hawakutoka.

"Usiniandike mahali ambapo sipo," Gethin alisema. "Mtu atakuja kunitafuta humo. Mama atanitafuta. Ataweka sikio pale kwenye spika anitafute, na mimi simo."

Kisha akaniambia mimi, "Mjomba, andika aliyepiga. Andika sawasawa. Hiyo ndiyo unayoijua."

Hesketh alikuwa amesimama mlangoni na mkate wake. Alisema kuna jambo moja, kama Gethin atataka kupanda kusikiliza. Tulipanda wote. Aliweka tepu ya "Njia ya Hewa" na kuizungusha. Mwanzoni kabisa kuna kimya cha ghala, kiti kinalia, halafu fimbo zinagongana mara nne. Hapo akasimamisha.

"Tranter alikataa kuhesabu upya," alisema. "Alisema hawezi kupata hesabu nzuri kuliko hiyo, akaingia juu yake. Nilibonyeza kitufe cha kurekodi baada ya nne. Hizo ni zako."

Gethin aliomba kusikia tena. Hesketh alirudia. Hakuomba mara ya tatu. Alisema asante, akamwambia Hesketh kwamba kiti kinacholia ni cha Wat, na kwamba kilimuudhi siku nzima ile.

Saa tisa na dakika kumi alasiri alichukua namba 214 kutoka kwenye ubao wa jikoni na kuitia mfukoni. Alimbusu Mama Beynon. Wat alimkumbatia na hakumwachia upesi. Denzil alisimama uani kwenye ukungu, mkono umenyooshwa nusu. Gethin aliupokea. Aliushika kwa mikono yake miwili, na Denzil akashtuka. Nadhani ni baridi ya vile vidole.

"Ni albamu nzuri," Gethin alimwambia. "Usiiharibu sasa."

Nilimsindikiza hadi kituo cha basi, dakika kumi na mbili. Sikusema nililokuwa nimelipanga. Basi lilipotokea alisema nisimwandikie Olwen. Atamweleza mwenyewe, safari hii asiletewe habari na mimi.

Jumatano, 6 Novemba
Ukungu. Hakuna kilichofanyika. Wat ameng'oa ubao wa jikoni.

Ijumaa, 8 Novemba
Nyuzi 3. Nimemaliza maneno ya jalada, maneno mia nne na kumi. Hakuna sifa ndani yake. Mstari wa mwisho unasema: Dramu, Colin Tranter. Hesabu ya kuanzia "Njia ya Hewa", Gethin Probert.

Nilimpa Denzil taarifa hiyo saa nne. Aliisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena. Alichukua kalamu na nikajiandaa kubishana. Aliongeza 214 tu baada ya jina la Gethin, akanirudishia karatasi.

Jumamosi, 14 Desemba
Nyuzi 2, jua. Nyumbani.

Santuri ya majaribio imeletwa na posta, ndani ya bahasha nyeupe isiyo na picha. Mtu wa kampuni ameandika kwamba huko London wanaizungumzia kila ofisi na kwamba itadumu kuliko sisi sote. Inawezekana. Sina ujuzi wa kupinga.

Nilimpelekea Olwen baada ya chakula cha mchana. Gethin alikuwa kazini. Amepata nafasi kwenye gereji ya mabasi, mahali pa ndani penye joto. Olwen ana redio kubwa yenye sahani ya santuri, zawadi ya Gethin kwa fedha za albamu ya kwanza. Alivua aproni kabla ya kukaa. Hajasema lolote kuhusu sentensi zangu tatu. Alinipa kiti cha marehemu mumewe, Emlyn, ambacho hajampa mtu tangu Denzil, na sikukikalia.

Aliniuliza Gethin yuko wapi humo. Nilimwambia mwanzoni kabisa, asiongee.

Niliweka sindano. Kimya cha ghala. Kiti kikalia. Moja, mbili, tatu, nne.

Niliinua sindano.

"Huyo?" Olwen akauliza.

"Huyo."

Alifikiri kidogo, mikono mapajani. "Mikono yake ilikuwa haimwumi siku hiyo."

Nilimwambia haikumwuma, ilikuwa nyuzi 21, na kwamba alisema hakuisikia kabisa. Alitaka nikwambie wewe, nikasema. Sikukwambia.

"Rudia," akasema.

Nilirudia mara kumi na moja. Wimbo wenyewe hatukuufikia.